Choo cha Mwisho cha Pont-Aubry

Jumatatu, 13 Septemba 1428

Ifahamike kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, walio hai na watakaozaliwa, ya kwamba leo hii, mbele ya kapteni wa mji, mwashi wa mji na mbwa mmoja asiye na mwenyewe, choo cha Oudin Maubert, mtengeneza mishumaa na diwani wa Pont-Aubry, kimesamehewa. Hakitazibwa. Mungu amlinde mfalme!

Basi. Hiyo ndiyo habari kubwa ya vita kwa upande wangu. Mambo ya panga wataandika wengine.

Ilivyokuwa: Kapteni Mondot kapita juu ya ukuta wa upande wa mto, kaviona vyoo vyetu vilivyoning'inia nje kama viota vya mbayuwayu. Kila nyumba iliyoegemea ukuta ina chake – ubao, tundu, na chini mto Loire. Akang'aka. Eti tumetoboa ukuta wa mfalme ili tupate pa kuweka makalio! Amri ikatoka palepale: vyote vizibwe kwa mawe na chokaa kabla Waingereza hawajafika.

Nikajitia unyonge. Nikamweleza kwamba mafuta ya ng'ombe yakichemshwa huacha taka, na taka hiyo nisipoimwaga mtoni itabidi niimwage barabarani, karibu na dirisha la chumba anacholala yeye. Nikamfungulia mlango wa karakana anuse mwenyewe. Akanusa. Akageuka rangi. Akasema changu kibaki, ila nikilinde kwa roho yangu.

Mahaut hakunipongeza. Mke wangu si mtu wa pongezi. "Miaka yote watu wanaikimbia harufu yako," kasema, "leo ndiyo imekufaa."


Jumatano, 15 Septemba

Najuta.

Jana alfajiri nikasikia hodi. Bi Ameline, mjane wa nyumba ya pili, kajifunga mtandio vizuri kama anayekwenda misa. Anataka mshumaa. Nikampa. Haondoki. "Na kile chumba chako cha nyuma, Bwana Oudin, bado kipo?" Kipo. "Basi nipishe, mwanangu. Mambo mengine hayangoji vita viishe."

Nyuma yake fundi viatu. Nyuma ya fundi viatu, mkewe na watoto wote. Kufika adhuhuri foleni imepita jikoni kwetu, imezunguka meza, imetokea barabarani. Kila mtu ananunua mshumaa kwa kuona haya, kisha anaangalia dari mpaka zamu yake ifike. Padri Estienne alikuja na kitabu chake cha sala, akakaa humo muda mrefu hata nikadhani amepaa mbinguni.

Bi Ameline akiwa ndani hanyamazi. Anazungumza kupitia mlangoni, na foleni inamjibu. Habari za Waingereza zinazoingia Pont-Aubry sasa zote zinapitia chooni kwangu.

Kuna watu katika mtaa huu nimewaheshimu tangu ujana wangu. Sasa nimeona wanavyouacha ubao. Mahaut kaweka ndoo ya majivu na ufagio pembeni. Hakuna aliyeugusa ufagio. Uvundo! Mimi ninayeshinda juu ya sufuria ya mafuta ya ng'ombe, mimi nasema uvundo!


Alhamisi, 16 Septemba

Mkutano wa madiwani. Kapteni hakuketi. Miji ya chini ya mto imefungua malango mmoja baada ya mwingine, na sasa Waingereza wamevuka, wanakuja upande wa ng'ambo. Wakifika watakuta nini kwenye mguu wa daraja letu? Saint-Lié. Nyumba za kulala, kuku wa kula, kanisa la mawe la kufichia mizinga yao. Kwa hiyo kitongoji cha Saint-Lié kichomwe, tena tukichome wenyewe, tena kesho kutwa. Na kanisa lake pia.

Wote tukatazama meza. Tajiri mmoja wa mizabibu akauliza kama haiwezekani kungoja mpaka zabibu zivunwe. Kapteni akamtazama mpaka mtu wa watu akaanza kujikuna shingo.

Mikono ikapanda. Mmoja, mwingine, kama watoto wanaokiri nani kavunja mtungi. Binti yangu Guiote anaishi Saint-Lié. Nyumba yake ni ya tatu ukishuka darajani. Mkono wangu ulikuwa unabaki peke yake chini, kama mlevi aliyelala kanisani. Nikaunyanyua.

Kisha nikavuka daraja kumchukua. Alikuwa anaanika nguo za mtoto. Nikamwambia. Hakulia, aliniuliza tu: "Baba, na wewe ulisema ndiyo?" Nikamwambia tufungashe haraka, mvua inakuja. Mbingu ilikuwa nyeupe kabisa.

Mumewe Denisot hayupo. Kaenda vijiji vya juu ya mto kuuza vikapu vya kuvunia zabibu. Ni kijana mrefu, mpole, mzito wa kuamka. Siku ya harusi niliwatangazia wageni kwamba ninamwoza binti yangu kwa ufito. Walicheka wote, na yeye alicheka kuliko wote. Kaacha ujumbe: atarudi baada ya siku chache. Guiote anataka kumngojea darajani. Nimemwambia mumewe ana akili, akiona moshi atakimbia kuja.


Jumamosi, 18 Septemba

Wameichoma.

Kwanza askari wetu waliingia nyumba kwa nyumba, eti kuhakikisha hakuna mtu. Walitoka na mashuka, vyungu, nguruwe wanaopiga kelele, saa nyingine nguruwe amefungwa ndani ya shuka. Bibi mmoja alikuja darajani amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Mlango tu. Langoni wakamwuliza ana nafaka ya kumfikisha Krismasi? Hana. Basi apite njia kuu, akatafute jamaa zake. Akaondoka na mlango wake.

Niliyaona haya nikiwa juu ya ukuta, na kofia yangu ya udiwani kichwani. Sajenti mmoja akaniuliza kama bado choo kinafunguliwa jioni.

Upepo ulivuma kuja kwetu. Majivu yalivuka mto, yakaingia dirishani, yakaelea juu ya supu ya kabichi. Guiote alishika kijiko, hakula. Mimi nikala. Katikati ya bakuli nikawaza kwamba huenda hapa natafuna kitanda cha mwanangu. Nikalimaliza bakuli. Ndivyo nilivyo, na ninajichukia.


Jumapili, 19 Septemba

Mahubiri marefu. Padri Estienne asema moto wa jana ulikuwa sadaka iliyompendeza Mungu. Labda. Watu wa Saint-Lié walioruhusiwa kuingia walisimama nyuma ya kanisa wakinuka moshi, na watu wetu wakasogeza nguo zao zisiguswe.

Baada ya misa wakabomoa tao la daraja, lile lililo karibu na ng'ambo. Lango limezibwa kwa mapipa ya udongo. Sasa hatuna mlango, tuna ukuta tu.

Kisha tukapitisha sheria, ikapigiwa parapanda sokoni: yeyote atakayeingia mjini kwa njia isiyo lango atanyongwa kama msaliti. Na mwenye tundu alilopitia atanyongwa naye. Nikanyanyua mkono. Ulipokuwa juu ndipo nikakumbuka kwamba Pont-Aubry nzima mwenye tundu ni mimi peke yangu. Madiwani wenzangu walikuwa wamekumbuka zamani. Mmoja alinikonyeza.

Denisot hajarudi.


Jumatano, 22 Septemba

Wamefika. Nilitegemea kitu cha kutisha zaidi. Kundi moja tu, limepiga mahema kwenye kilima cha ng'ambo, juu ya majivu ya Saint-Lié. Mchana wanafua nguo. Jioni wanachoma kondoo, na harufu inavuka mto inatukuta tukitafuna kabichi. Wakati mwingine wanarusha jiwe moja la mzinga, linaangukia kwenye mchanga, bata wanaruka, basi.

Kapteni asema hao wanangoja wenzao. Inawezekana.

Leo mchana wanaume wawili wa Saint-Lié walivuka wakipita kwenye mafungu ya mchanga – Loire ya Septemba ina michanga kuliko maji – wakaja mpaka chini ya lango. Wakaita majina ya wake zao. Wake zao walikuwa humu ndani, wakajibu. Kapteni hakuruhusu wateremshiwe kamba. Asema Mwingereza akimkamata mtu kama huyo humwachia kwa sharti moja: afungue mlango kutoka ndani. "Sijui nani kashikwa na nani hajashikwa," akasema. Wakapigiwa mishale ya kuwatisha. Mmoja, mshale ukamtisha pajani.

Watu juu ya ukuta walipiga makofi. Si wote. Lakini niliyasikia.

Guiote alikuwa pembeni yangu, mtoto mgongoni. Hakuwa akiwatazama wale wawili. Alikuwa akitazama upande wa juu wa mto, alikokwenda mumewe.


Jumamosi, 25 Septemba

Leo nimekwenda kwa kapteni. Guiote alinisukuma, Mahaut akanivalisha kofia. Nilikuwa nimepanga hotuba.

Kapteni alikuwa anakula samaki aina ya mkunga. Anafyonza mfupa mmoja mmoja na kuupanga ukingoni mwa sahani. Nikamweleza: kijana mwema, msuka vikapu, ameachwa nje kwa bahati mbaya, ana mke na mtoto humu. Akikutwa chini ya ukuta, ateremshiwe kamba kwa dhamana yangu. Kapteni akafuta vidole kwenye mkate. "Bwana Maubert, mkwe wako amekaa nje siku zote hizi na Waingereza wamejaa kila kichaka. Sasa ama amekwisha kufa, ama amekwisha kuwa wao. Wewe ungependa nikuambie lipi?"

Nikasema: "Naelewa, kapteni."

Nilielewa nini? Hotuba yangu yote iliishia hapo. Tena nikitoka nikamkaribisha apitie kwangu wakati wowote akihitaji faragha! Maneno yalitoka yenyewe. Nilifika nyumbani nikaosha kinywa kwa siki.

Guiote aliuliza amesemaje. Nikamwambia anafikiria.


Jumatatu, 27 Septemba

Leo asubuhi nimekuwa shujaa. Mji mzima unasema hivyo.

Sitaki kuandika.


Jumanne, 28 Septemba

Nitaandika yanayosemwa, kwa sababu yanaongezeka kila saa na kesho sitayakumbuka.

Jana asubuhi ilikuwa ni Mwingereza mmoja aliyepanda ukuta kwa kupitia choo changu. Adhuhuri wakawa kumi na ngazi. Leo ni kikosi kizima, na mbele yao bwana mkubwa mwenye ndevu nyekundu aliyeapa kwa lugha yao atakunywa mvinyo wetu kwenye fuvu la kapteni. Oudin Maubert akawasubiri kimya, sufuria ya mafuta yanayochemka mikononi. Akapiga ishara ya msalaba. Akawamwagia. Wakaanguka kama inzi. Mto ukawachukua wote, ndiyo maana hakuna maiti.

Anayeisimulia ni Bi Ameline. Alikuwepo, nani atambishia? Ameisimulia sokoni, kisimani, kanisani. Kila akiisimulia ananitazama usoni bila kupepesa.

Padri Estienne kaiweka kwenye mahubiri: Mungu huchagua chombo duni. Kapteni kanipiga bega mpaka kofia ikadondoka. Nimefutiwa zamu za ulinzi. Kesho, Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, nitabeba mshumaa mkubwa mbele ya maandamano, na baada ya misa Jacquemin mwashi atakuja kuliziba tundu kwa heshima zote, kwa jiwe litakalochongwa sufuria. Kapteni atasimamia mwenyewe.

Jana jioni madiwani walinichinjia bata bukini. Nilikula paja. Nikala na lile la pili. Walinitaka nisimulie, nikawaambia mdomo umejaa. Wakacheka sana, shujaa mnyenyekevu! Nilikwenda kutapika nyuma ya zizi la farasi, mtu mmoja akanishikia paji la uso kwa upendo, akasema ni uchovu wa vita.

Foleni imekwisha. Hakuna anayethubutu kukaa juu ya lile tundu tena. Wanasema Mwingereza anaweza kurudi. Wanabeba ndoo. Ni Bi Ameline tu aliyekuja asubuhi kama kawaida yake, akakaa, na kwa mara ya kwanza hakuongea.

Guiote ananifulia kofia yangu ya sherehe. Alinibusu mkono. Alisema: "Angalau Denisot akija atasikia baba mkwe wake alivyo."


Jumatano, 29 Septemba, Mtakatifu Mikaeli

Ukungu mzito. Kengele ya misa bado.

Naandika nikiwa nimekaa chini karakanani, mgongo kwenye benchi, miguu nimeikaza ukutani. Nitasema kilichotokea kweli, kwa sababu kikitokea kibaya leo, yatabaki ya Bi Ameline peke yake.

Alfajiri Guiote aliingia chooni kumwaga maji ya nguo za mtoto. Alikaa humo kidogo. Alipotoka hakupiga kelele. Alinijia hapa karakanani, akafunga mlango nyuma yake, akasema polepole sana:

"Baba, yule Mwingereza wako amevaa shati nililolishona mimi."

Nilijua. Tangu Jumatatu nilijua.

Jumatatu ilikuwa hivi. Bi Ameline alikuwa chooni. Mimi nilikuwa nimeipua sufuria ndogo ya mafuta ya mishumaa ya sikukuu, naibeba kwenda kumwaga povu. Mara mjane akalia kama amechomwa mkuki. Kitu baridi kimemgusa, na mahali penyewe si pa kuguswa! Nikasukuma mlango na sufuria mkononi, yeye anatoka mbio sketi ikiwa juu, tukagongana. Mimi nikaanguka. Sufuria ikaangukia ubaoni, na mafuta yakaingia tunduni yenyewe. Sikupiga ishara ya msalaba. Sikungoja mtu. Sikumlenga mtu yeyote. Sijawahi kulenga kitu maishani mwangu, hata mkojo, Mahaut ni shahidi.

Kutoka chini ikaja sauti. Haikuapa kwa Kiingereza. Ilisema: "Baba mkwe!" Kisha kishindo cha mti aliopandia kuvunjika, na kitu kizito kikatua kwenye tope.

Nilikuwa nimelala kifudifudi, uso wangu hatua moja kutoka kwenye tundu. Kitu pekee cha kufanya kilikuwa kujiinua na kuchungulia. Sikuchungulia. Niliiwaza ile sheria niliyoinyanyulia mkono. Anyongwe aliyeingia, na mwenye tundu naye. Nikabaki pale nikitazama mafuta yanavyoganda pembezoni mwa ubao, meupe, mazuri, ya daraja la kwanza.

Bi Ameline alikuwa amesimama mlangoni anajishusha sketi. Alisikia kama nilivyosikia. Akasema: "Mwingereza huyu anaijua lugha yetu vizuri. Lafudhi ya Saint-Lié kabisa." Tukatazamana. Kisha akatoka barabarani akaanza kupiga mayowe, Waingereza, Waingereza!, na ndani ya saa moja nilikuwa shujaa.

Sijui kwa nini alifanya vile. Labda alitaka kumwokoa Denisot, mlinzi asiende kuchungulia chini akamkuta kijana wa watu anatambaa. Labda aliuona utamu wa hadithi tu. Sikumwuliza. Kumwuliza kungekuwa kusema kwamba nilisikia.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Hakuna Mwingereza hata mmoja. Siku mbili nimekula bukini kwa sababu ya mtu niliyemwunguza, na usiku nimelala usingizi mzuri kabisa, hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Nilitazamia walau nisipate usingizi.

Nilimweleza Guiote yote haya, nikiangalia viatu vyake. Kisha nikainua macho. Alisema Denisot yuko hai. Amejilaza kwenye matete chini ya ukuta, juu ya kipande cha mchanga. Bega na upande mmoja wa shingo vimefunikwa na mafuta yaliyoganda, kama mshumaa. Denisot alimpungia mkono. Alimwomba maji, na kumwuliza kama baba mkwe hakuumia.

Kama baba mkwe hakuumia!

Mahaut alikuwa ameingia bila kusikika, amesikia kila kitu. Nilidhani atanipiga na mwiko. Alitoka, akarudi na kamba ya kunyanyulia mapipa ya mafuta. "Simama," akasema. Akanifunga kiunoni, mara mbili, kwa lile fundo lake la magunia. "Katika nyumba hii kizito kuliko wewe hakuna. Kaa chini, kaza miguu, na safari hii usimwage kitu."

Nikamwuliza: na sheria? Akasema mimi ni shujaa wa mji, nitajua la kuwaambia. Nikamwuliza akishapanda tutamweka wapi, mwashi anakuja na kapteni nyuma yake, nyumba itajaa madiwani, watataka kuona sufuria. Alikwisha kung'oa ubao wa choo kwa nyundo ya kuvunjia mifupa. Mkwe wangu atapita. Mtu mwingine yeyote wa mji huu asingepita.

Guiote amelala kifudifudi pale nilipolala mimi Jumatatu, kichwa ndani ya tundu. Uchafu wa mtaa mzima umemfika viwikoni. Hajali. Ananong'ona: shika, jifunge chini ya kwapa, siyo huko, upande mzima, polepole mume wangu. Sijawahi kumsikia mtu akizungumza vizuri hivyo.

Ukungu unaanza kupasuka. Dirishani nimeuona mnara wa daraja, muda mfupi uliopita haukuwepo. Mlinzi wa mnara akiangalia huku atatuona wote.

Kengele. Wote wanakwenda misa. Nami nilipaswa kuwa pale mbele na mshumaa mkubwa. Wataulizana shujaa yuko wapi.

Mlango wa mbele! Mtu anagonga. Mahaut ameganda na nyundo mkononi.

"Bwana Oudin!" Ni Bi Ameline. "Fungua, mwanangu, nimeshikwa na haja!" Kisha kwa sauti ya chini, kupitia kitasani: "Kapteni hakungoja misa. Anakuja na mwashi, wako kwa fundi viatu."

Kamba imekaza. Imenivuta pamoja na benchi. Guiote anasema vuta, Baba. Mahaut ananitazama, afungue au asifungue? Bi Ameline anagonga tena. Sijui amekuja kutuokoa au kupata mwisho wa hadithi yake, na nadhani hata yeye hajaamua.